Kidole cha Bwana Sikio

Mtaani kwao watu walikuwa na tabia moja ambayo mgeni akiiona atadhani wamepagawa. Unaongea na mtu, mnacheka vizuri tu, ghafla anakata neno katikati na kubaki mdomo wazi. Kinyozi anaacha mkasi ukining'inia juu ya kichwa cha mteja. Mama aliyekuwa akimgombeza mwanawe anabaki na kidole hewani. Ndege inapita juu ya mabati, chini kiasi cha kuhesabu magurudumu, vikombe vinagongana kabatini, na ikishapita kila mtu anaendelea pale pale alipoachia, hata kama aliachia katikati ya tusi. Ndivyo maisha yalivyo ukijenga mwisho wa njia ya kurukia ndege. Walizoea, na walikuwa na mtu wa kuwatangulia katika kunyamaza huko, naye alikuwa mume wa Mama Sindano.

Bwana huyo, kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa kusimama uwanjani na vibao viwili vyekundu mikononi, kuiongoza ndege iliyotua mpaka mahali pa kushushia abiria. Njoo, njoo, kushoto kidogo, basi hapo. Chuma kizito namna ile kikawa kinamtii mtu wa kilo sitini! Alipostaafu alirudi nyumbani na saa ya mkononi waliyompa siku ya kumuaga, na masikio yake. Masikio hayo ndiyo yaliyompa jina la Bwana Sikio. Angekaa kwenye benchi la kinyozi, uwanja kaupa mgongo, anasimulia habari zake, mara kidole chake cha shahada kinapanda juu. Wenzake hawajasikia kitu. Unahesabu moja, mbili, tatu, nne, ndipo unaanza kusikia mluzi kwa mbali, na kabla haijatokea juu ya mabati yeye keshaitaja.

"Hiyo ya pangaboi," angesema. "Na pangaboi la kulia linachelewa. Sikilizeni: wuu, wuu, wuu. Hayapatani hayo, yangekuwa watu wangekwenda kwa kadhi."

Alikuwa na majina yake. Ile kubwa ya injini mbili ambayo ikipanda hutoa sauti ya msumeno kwenye ubao mbichi, aliiita Seremala. Ile inayopiga yowe inapoteremsha mabawa ya kupunguzia mwendo, Bi Kilio. Kuna nyingine ikishasimama, chini ya tumbo lake kitu hubweka, hau hau hau, kama mbwa kafungiwa ndani ya gunia. Hiyo ilikuwa Inayobweka, basi, hakuhangaika kuitafutia jina. Na ndege ya mizigo, kuukuu, injini nne, kila injini na umri wake, aliiita Mkohozi, na alipoitaja sauti yake ililainika kidogo, maana walizeeka pamoja.

Mama Sindano alikuwa fundi cherehani, na cherehani chake kilikaa barazani, mkabala na benchi la kinyozi, njia nyembamba ikiwa katikati. Walikutana wakati yeye bado msichana, amepeleka uwanjani furushi la ovaroli alizoshona. Kijana mmoja mwembamba alikuwa amesimama mlangoni. Hata salamu hajamaliza, kijana kamwinulia kidole. "Subiri, dada. Usiseme kwanza." Ala! Mtu gani huyu asiye na adabu? Alishajiandaa kumpa vidonge vyake, lakini ndege ikapita na kumeza kila kitu. Ilipokwisha, kijana akainamisha kichwa upande wake na kusema, "Haya, sasa sema. Nakusikiliza." Akasikiliza kweli. Mama Sindano alikuwa mtu wa maneno, tangu utotoni anaambiwa funga bakuli lako, na hajawahi kukutana na mtu wa kumwambia sema. Akaolewa naye mwaka huo huo.

Miaka thelathini na mmoja walikaa hivyo: yeye akisema, mume akisikiliza. Mguu wake kwenye pedeli na ulimi wake mdomoni vilikuwa vinashindana. Nani kagombana na nani, dada yake kasema nini kuhusu shamba, fundi bomba kaachwa na mke, kisha mke kajirudisha mwenyewe. Bwana Sikio aliporudi kutoka kazini alikuwa akikaa kwenye kigoda, anavua viatu polepole, na kuuliza, "Halafu?" Neno dogo tu hilo, halafu. Ndilo lililokuwa pendo lao, na mtu asiniambie habari za maua.

Sasa basi. Siku moja, mchana, kinyozi alikuwa akieleza jinsi mteja alivyomkimbia na nusu ya kichwa. Mama Sindano alisikia mluzi kwa mbali na kunyamaza. Kinyozi naye akanyamaza. Mteja aliyekuwa kitini akanyamaza. Ndipo kidole cha Bwana Sikio kikapanda, mwisho wa wote, haraka haraka, kama mtu aliyekuja kuzinduka msikitini wenzake wameshasujudu. Hakuna aliyejali. Mama Sindano alijali. Alivunja sindano.

Tangu hapo akawa anamchungulia. Simu ya binti yao ikiingia, zamani wangenyang'anyana. Sasa mume anasema, "Ongea na mama yako, mimi nina kazi," na kazi yenyewe haionekani. Akimuuliza, "Uzi umekwisha, ninunue wa rangi gani?" anajibiwa, "Ehe, ehe," na tabasamu juu. Na ile halafu ilikuwa imepotea. Lini? Hakukumbuka. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote, kwamba hakukumbuka ni lini.

Lakini ndege bado alizitaja, tena bila kukosea! Hapo ndipo Mama Sindano alipochanganyikiwa, mpaka siku ya kufua. Alitia mkono kwenye mfuko wa shati kutoa leso, akatoa karatasi. Imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa mwandiko mdogo wa kujitahidi: siku, saa, dakika. Alasiri ya Jumatatu, saa tisa na robo, pangaboi. Saa tisa na arobaini, Inayobweka. Ijumaa saa kumi, Mkohozi. Ratiba nzima ya uwanja. Kumbe ile saa ya mkononi haikuwa ya pambo. Mwanamume mzima anajifunza kwa kukariri kile ambacho zamani kilimjia chenyewe, kama mtoto wa shule anayeogopa kiboko.

Mama Sindano akakaa chini pale pale penye beseni. Alikasirika. Miaka thelathini na mmoja, na ananificha mimi! Halafu akalia kidogo, halafu akafua shati, akalianika, akalipiga pasi, na kuirudisha karatasi mfukoni kama alivyoikuta.

Usidhani ni mtu wa siri huyu. Siri kwake hukaa kama chafya. Lakini hii aliibana, na si kuibana tu, akawa mshirika. Aligundua kwamba mume, akiwa benchini, macho yake hayatoki kwenye gurudumu la cherehani. Akajaribu. Akasikia mluzi, akasimamisha mguu, gurudumu likatulia; kule ng'ambo kidole kikapanda kabla ya wote, kama zamani. Basi ikawa ndiyo kazi. Gurudumu linampa kidole, karatasi inampa jina, na mtaa unasema, "Aisee, Bwana Sikio hazeeki!" Mama Sindano akawa anachelewesha nguo za watu kwa kusimamasimama. Mume hakuwahi kumshukuru, wala yeye hakuwahi kutia neno. Walikuwa waongo wawili wanaolala kitanda kimoja.

Njia ya mwongo ni fupi. Uwanjani wakabadilisha ratiba, na hakuna aliyekuja kumwarifu mstaafu. Ilikuwa Jumamosi, benchi limejaa, watu wanasubiri kunyolewa. Mguu wa Mama Sindano ukasimama. Kidole kikapanda. Bwana Sikio akatupa jicho kwenye saa, akakohoa kwa madaha na kutangaza, "Hiyo ya pangaboi, mabwana. Leo imewahi dakika mbili."

Ikatokea Mkohozi. Injini zote nne, imejaa mizigo, inajikokota juu ya mabati na kuacha moshi. Hata kiziwi wa kuzaliwa angeijua kwa kuiona tu.

Ilipopita, hakuna aliyeendelea na neno lake. Halafu mteja mmoja akasema, "Mzee wetu leo kasikiliza kwa goti!" Benchi zima likaangua kicheko. Mama Sindano akainuka barazani na tepu shingoni, akapaza sauti: "Ninyi ndio mliolala! Pangaboi limezunguka nyuma, limempisha Mkohozi. Mtu anasikia ndege mbili, ninyi hata moja hamwezi! Na wewe unayecheka, suruali yako bado ninayo, nitaishona mguu mmoja!" Wakacheka tena, sasa wakimcheka yule mteja, na wengine wakatikisa vichwa: lo, ndege mbili kwa mpigo! Uongo ulikuwa umekaa sawasawa. Mama Sindano akajipongeza moyoni na kurudi kwenye kiti chake.

Bwana Sikio akainuka, akavuka njia bila kumtazama, akaingia ndani.

Siku tatu hakusema naye. Si kwamba alinuna kama watu wanavyonuna, na kubamiza milango. Alikuwa mpole, anasema asante, anasogeza kiti, ila macho yake yalimkwepa. Benchini hakwenda. Mama Sindano aliongea, akauliza, akatania, akaongea tena, mpaka akajisikia mwenyewe akiongea peke yake ndani ya nyumba yake. Alikuwa na kitu kimoja tu duniani alichokijua kukipa, nacho ni maneno, na sasa hakikuwa na mahali pa kutua.

Siku ya nne asubuhi akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza, akailainisha kwa kiganja, na kukaa mbele ya mumewe.

Bwana Sikio aliitazama. "Tangu lini unajua?" aliuliza.

"Tangu nyuma. Unafikiri gurudumu langu lina kwikwi?"

Hapo akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. "Sasa kwa nini ukanicheka mbele za watu?"

"Nilikucheka mimi?"

"Niliona mdomo wako unakwenda, mikono juu, na kila ukisema watu wanacheka. Niliona kwa macho yangu, mama."

Kumbe! Kelele zote zile, mtaa mzima ulizisikia, na aliyepigiwa hakupata hata neno. Alikuwa amesimama hatua kumi tu kutoka kwake. Mama Sindano akamsimulia yote, uso kwa uso, taratibu: ndege mbili, pangaboi la nyuma, suruali ya mguu mmoja. Mume alimtazama midomo kwa makini, na alipofika kwenye suruali mabega yakaanza kumtikisika.

"Kesho hospitali," mke akasema alipoona ameshalegea. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Sikio haliui mtu."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Likamtoka hivyo, kabla hajalipima. Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Lakini Bwana Sikio alikuwa ameshalisoma, na akacheka mpaka akajifuta macho. Mke naye akacheka kwa ahueni, akicheka huku anamwomba radhi.

Mpimaji wa masikio alikuwa binti mdogo kiasi cha kuwa mwanao, mwenye shikamoo ya adabu na sauti nyembamba. Alimwingiza mzee kwenye kichumba kilichowambwa sponji, akamvalisha vikombe vya masikioni na kumpa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Mama Sindano alikaa kwenye stuli pembeni, ameambiwa asitie neno, adhabu kubwa hiyo. Mume akabonyeza. Akabonyeza tena. Anabonyeza vizuri kabisa! Mke akaanza kupata matumaini, mpaka alipofuata macho yake na kuona yanatazama wapi. Bwana Sikio alikuwa akitazama mkono wa mpimaji kupitia kioo. Mkono ukigusa mashine, naye anabonyeza.

"Mzee wangu," mpimaji akasema kwa upole, "naomba nikugeuze kiti."

Kiti kikageuzwa, uso ukaelekea ukutani. Kidole kikatulia juu ya kitufe. Mpimaji akagusa mashine, akagusa tena, akaongeza. Kwa muda mrefu kidole hakikushuka. Mama Sindano, aliyekuwa akiitazama shingo ya mumewe kwa nyuma, na ule ukosi wa shati aliougeuza na kuushona upya mwenyewe, hakuweza kuendelea kutazama, akahesabu vigae vya sakafu.

Baadaye mpimaji aliwawekea karatasi yenye mstari. Mstari ulianza juu ukashuka kama mtu anayeteremka ngazi. "Upande huu umeharibika zaidi ya huu," alisema, akiongea polepole, uso kwa mzee. "Kazini ulikuwa unavaa vya kuziba masikio?"

"Nilivaa. Ila nilikuwa nainua upande mmoja."

"Kwa nini, mzee?"

"Nizisikie," akajibu, kana kwamba hakukuwa na jibu lingine.

Mpimaji akaeleza kwamba kuna vifaa vya kusaidia, kwamba havitarudisha yote, na kwamba ngurumo nzito huwa za mwisho kuondoka. Sauti nyembamba ndizo hutangulia. Za watoto, za wanawake. Kisha akatoka kwenda kutafuta fomu, wakabaki wawili.

"Umesikia alivyosema?" mume akauliza, na Mama Sindano hakujua acheke au alie. "Ndege bado nazisikia. Zote zimekuwa moja tu, Seremala, Bi Kilio, zote mngurumo mmoja, lakini zipo. Wewe ndiye uliyetangulia kupotea. Mwaka juzi. Nakaa kwenye kigoda nakuona unaongea, umechangamka, unarusha mikono, na mimi sipati kitu, napata kama maji ya bombani. Nikawa naitikia tu."

"Ungeniambia."

"Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga," alisema. Habari za baba yake alikuwa hazitaji hata kidogo. "Akawa haoni haya kuuliza. Umesemaje? Umesemaje? Na mama, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, alichoka tu. Akawa anajibu, basi, si kitu. Mwisho nyumbani kwetu baba alibakiwa na maneno matatu: kula, oga, lala. Miaka kumi na mmoja. Alikufa nyumba imejaa watu. Nikaapa mimi sitakuuliza. Afadhali useme na nisisikie, kuliko uniambie si kitu."

Mama Sindano aliinama. Machozi yalimshuka puani, yakamdondokea mapajani, na katika kuinama huko, kwa sauti iliyokatika vipande vipande, akasema maneno mengi mfululizo akiyaambia magoti yake.

Mume alimtazama utosi. Kichwa kilichoinama hakina midomo ya kusomwa. Angeweza kuitikia ehe, alishazoea, ehe moja tu na mambo yangepita.

"Umesemaje?" akauliza.

Mama Sindano akanyanyua uso. Akajifuta kwa kiganja, huku na huku, akaburuta stuli mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mashavu yote mawili ili asipoteze hata herufi.

"Nimesema hivi," akaanza upya, tangu mwanzo. "Wewe mzee ni mjinga, na ujinga wako nitakufa nao. Miaka miwili nimekusimulia dunia nzima, kumbe nilikuwa nasimulia ukuta. Basi nitarudia. Yote, hakuna nitakachoruka. Ya dada na shamba lake, ya fundi bomba, alichosema binti yako kila alipopiga simu. Na ukisinzia nitakuchoma sindano. Unanipata?"

"Nakupata."

"Haya. Mwaka juzi, mwezi wa kwanza, wiki ile ya mvua kubwa, dada yangu alikuja nyumbani na mfuko mweusi..."

Mpimaji alirudi na fomu, akasimama mlangoni, akaona, akafunga mlango taratibu na kwenda kumhudumia mgonjwa mwingine.